TANU au ASP: ukitaka kuijua CCM, uanze na mzazi yupi?

Muulize kijana wa Dar es Salaam Sabasaba ni nini, atakuambia ni maonyesho. Atakutajia viwanja vya Barabara ya Kilwa, foleni ya magari na bei ya chipsi kuku ndani ya geti. Wachache watakuambia kwamba tarehe 7 Julai ilitengwa kwa sababu siku hiyo, mwaka 1954, TANU ilizaliwa. Sasa vuka maji, umuulize kijana wa Unguja tarehe 5 Februari ni ya nini. Atasema ni kuzaliwa kwa CCM, na hajakosea, maana ndivyo ilivyokuwa mwaka 1977. Ila tarehe hiyo haikuokotwa njiani. Tayari ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Afro-Shirazi Party (ASP), mwaka 1957, chama cha Zanzibar kilichokuja kuungana na TANU ya bara wakaizaa CCM. CCM ilizinduliwa siku ASP inatimiza miaka 20, na siku Azimio la Arusha linatimiza miaka 10.

Kwa hiyo sikukuu ya mzazi mmoja imefunikwa na biashara, na ya mzazi wa pili imefunikwa na mtoto wake mwenyewe.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeamua kuisoma historia ya CCM kwa dhati, akafika mlangoni akakuta milango miwili. Sisi wenyewe tulikwama hapo. Tuna kundi dogo la kusoma historia hapa Tanga, na tulipokubaliana kwamba mwaka huu tunasoma chama tawala, nusu walitaka tuanze na TANU na nusu ASP. Tulibishana wiki mbili kwenye WhatsApp mpaka mmoja wetu akajitoa kwenye kundi na ikabidi abembelezwe arudi. Mimi nilikuwa upande wa TANU. Nina kadi ya marehemu baba, iliyochakaa kwenye mikunjo, ndani ina vibandiko vya ada ya kila mwezi, vingine vimebanduka vikaacha alama ya gundi tu. Nilidhani mtu mwenye kadi kama ile nyumbani hana haja ya kuuliza aanzie wapi. Nimebadili mawazo tangu hapo, na nitasema kwa nini.

TANU: mlango mpana

TANU ina mwanzo unaosimulika. Kulikuwa na African Association tangu mwaka 1929, ikaja kuitwa Tanganyika African Association, TAA. Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, mwalimu wa shule ya Pugu aitwaye Julius Nyerere akachaguliwa kuwa rais wake, akimshinda Abdulwahid Sykes. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye watu 17 kutoka sehemu mbalimbali za nchi wakakutana katika nyumba ya chama, Mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, wakakigeuza chama cha ustawi kuwa chama cha siasa. Ukumbi unajulikana, majina yote 17 yanajulikana, siku inajulikana. Msomaji mgeni anapata pa kushika.

Anapata na karatasi. Hili halisemwi mara nyingi, nalo ndilo lililo na uzito kwa mtu anayechagua. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilitakiwa itoe hesabu New York. Kila miaka mitatu ujumbe wa Baraza la Udhamini ulikuja kutembea nchini, ukapokea malalamiko na kuyaandika. Japhet Kirilo, mmoja wa wale 17, alikuwa ameshakwenda huko mwaka 1952 kulia juu ya ardhi ya Wameru. Machi 1955 akaenda Nyerere mwenyewe, na aliporudi akaacha ualimu. Maana yake ni kwamba ugomvi wa TANU na serikali ulikuwa unaandikwa na pande tatu kwa wakati mmoja: serikali yenyewe, chama, na wageni wa New York. Mwanafunzi wa leo anayeishi kwenye karatasi hatakufa njaa.

Tena mpinzani wa TANU alikuwa dhaifu. Gavana Twining alisaidia kuanzishwa kwa United Tanganyika Party (UTP) mwaka 1956, chama cha wenye nacho wa rangi zote, na wananchi hawakukifuata. Zuberi Mtemvu naye alijitoa TANU mwaka 1958 akaunda chama chake, African National Congress (ANC), akiona wenzake wamelegea, lakini hakufika mbali. Uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichobaki, cha Mbulu, alikichukua mwana-TANU aliyegombea kama mgombea binafsi. Ukisoma TANU unasoma mto unaoteremka. Kuna mawe hapa na pale, ila mwelekeo ni mmoja, hadi 9 Desemba 1961.

Jiwe kubwa kuliko yote ni mkutano mkuu wa TANU wa Tabora, Januari 1958. Serikali ilileta uchaguzi wa kura tatu: mpiga kura, kwanza awe na elimu au kipato kilichotajwa, kisha amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Wajumbe wengi walikwenda Tabora wakiwa wameazimia kususa. Nyerere aliwageuza, wakakubali kushiriki. TANU haikushinda viti vyake tu. Iliamua na Waasia na Wazungu gani waingie, kwa kuwaunga mkono wale waliokubaliana nayo. UTP ikafia hapo. Uamuzi ule ukaitwa wa Busara, na kama una jioni moja tu ya kuielewa TANU, itumie Tabora. Utaona tabia yote ya chama: hasira nje ya ukumbi, hesabu ndani ya ukumbi, na mtu mmoja anayesikilizwa kuliko wengine.

Upana huo una hatari yake. Kwa vile historia ya TANU inasimulika vizuri, imesimuliwa mara nyingi, na kila ilivyosimuliwa ikazidi kulainika. Katika simulizi la shule, Nyerere anafika Dar es Salaam na mapambano yanaanza. Wenyeji wa Kariakoo na Gerezani, akina Sykes, Dossa Aziz, John Rupia na masheikh waliokuwa wamejenga ile nyumba na kuiendesha TAA kabla hajaja, wanabaki kama watu waliofungua mlango kisha wakakaa pembeni. Ubishi wa nani alimpokea nani bado ni mkali mpaka leo, na ni ubishi wenye faida. Usiuruke.

Na kati ya wale 17 hakuna mwanamke hata mmoja. Hesabu mwenyewe. Halafu uangalie nani aliyeijaza mikutano ya Mnazi Mmoja mwaka uliofuata. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Alipopewa kazi ya kuwaleta wanawake hakuanza na kanuni za chama, alianza na vikundi vya ngoma. Vilikuwa tayari vina viongozi, wanachama, michango na sare. Wanawake waliingia kwa maelfu, na wengi hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza kazi kama ilivyokuwa kwa waume zao waliokuwa makarani wa serikali. Mwaka 1970 mwanamke huyohuyo alisimama kizimbani kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Leo kuna barabara yenye jina lake katikati ya Dar es Salaam na daladala hupita juu yake siku nzima.

ASP: mlango mwembamba

Nilipokwenda Unguja kuuliza habari za ASP, mzee wa kwanza niliyemkuta barazani hakunijibu. Aliniuliza yeye: "Kwenu wapi, mwanangu?" Nikamwambia Tanga. "Mama je?" Nikamwambia Pangani. Akatikisa kichwa, akaagiza kahawa, ndipo akaanza kusema. Bara hakuna mzee aliyewahi kuniuliza kwetu wapi kabla ya kunisimulia TANU. Visiwani swali hilo ndilo ukurasa wa kwanza, kwa sababu kipindi cha 1957 hadi 1963, ambacho wenyewe wanakiita zama za siasa, kila mtu alikuwa wa upande fulani, na upande wako ulijulikana kwa ukoo, mtaa na duka unalonunua mkate.

Hata mwanzo wa ASP si wa mtu mmoja kuingia ukumbini. Kulikuwa na African Association, yenye watu wengi wa asili ya bara, mabaharia, wapagazi na wakazi wa Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Kulikuwa na Shirazi Association, ya wenyeji wa Unguja na Pemba ambao hawakujiona kuwa sawa na watu wa bara. Vyama hivi viwili havikupendana sana. Viliungana Februari 1957 kwa kuogopa mshindani wa tatu, Zanzibar Nationalist Party, Hizbu, na kwa kusukumwa pia na Nyerere kutoka ng'ambo ya maji. Abeid Karume akawa rais. Thabit Kombo, aliyetoka upande wa Washirazi, akawa nguzo ya pili. Jina lenyewe lina kistari katikati: Afro-Shirazi. Kile kistari ndicho historia yote ya chama. Uchaguzi wa Julai 1957 Hizbu haikupata hata kiti kimoja, na Karume alimshinda Ali Muhsin hukohuko Ng'ambo. Lakini mwaka 1959 kistari kikakatika: baadhi ya Washirazi, wengi wao wenye nguvu Pemba, wakatoka na Mohamed Shamte wakaunda Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu, na ndipo mimi nilipoanza kubadili mawazo. Januari 1961: ASP viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku, mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Kati ya viti vile 10 vya ASP, kile cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Juni wakarudia, safari hii viti 23: ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3, na hao watatu wakaenda na Hizbu. Fujo zikazuka, watu 68 wakauawa. Julai 1963, ASP ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote na viti 13 kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Hizbu na ZPPP wakawa na 18, Shamte akawa Waziri Mkuu, uhuru ukaja 10 Desemba 1963 na Sultani akabaki.

Linganisha sasa. Bara, chama kimepata viti 70 kati ya 71. Visiwani, chama kimepata kura nyingi kuliko wote mara kwa mara na kikabaki nje. TANU ilijifunza kwamba kura ni rafiki. ASP ilijifunza kwamba kura inaweza kukutosa hata ukiwa na wingi. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 ilikuja njia nyingine. Mapinduzi yale ni somo zima peke yake: John Okello ambaye sauti yake ndiyo iliyosikika redioni, vijana wa Umoja wa Vijana wa ASP, makomredi wa Umma Party wa Abdulrahman Babu, na mauaji ambayo hesabu yake bado inabishaniwa. Mwandishi anayekuambia ameyamaliza kwa kurasa tano, mwekee alama ya kuuliza.

Karatasi za ASP ni haba kuliko za TANU. Zanzibar ilikuwa nchi ya Sultani chini ya himaya ya Waingereza, haikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo hakuna ujumbe wa New York uliokuja kila baada ya miaka mitatu kusikiliza. Kilichopo ni faili za serikali, ambazo sehemu yake ziko Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na magazeti. Magazeti ndiyo hazina. Lisome Afrika Kwetu, lililokuwa upande wa Waafrika, lakini usilisome peke yake. Liweke sambamba na Mwongozi la upande wa Hizbu, toleo kwa toleo. Jambo moja, mathalani mgomo wa kutonunua katika maduka ya wapinzani au wakulima kufukuzwa shambani kwa mwenye ardhi, utalikuta lina sura mbili ambazo hazikutani hata kwenye jina la kijiji. Baada ya hapo wazee. Na kwa wazee, jibu la "kwenu wapi" liwe tayari.

Baada ya kushika dola

Kwenye kipengele hiki watu wengi hudhani vyama viwili vilikuwa kimoja. Havikuwa. Katiba ya muda ya mwaka 1965 ilisema nchi ina chama kimoja, kisha ikasema chama hicho kwa Tanganyika ni TANU na kwa Zanzibar ni ASP. Yaani kwa miaka 12 Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja yenye vyama viwili. Wanafunzi hucheka nikiwaambia, halafu wananyamaza.

TANU iliendelea kupiga kura kwa namna yake. Mwaka huohuo wa 1965 karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, wote wana-TANU, mmoja alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakaitumia nafasi hiyo ndogo kwa nguvu: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa, wakati Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro kwa kishindo. Usiipambe sana, hata hivyo. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilikuwepo tangu 1962, na Oscar Kambona, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama, alitorokea nje mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Halafu zikaja nyaraka, moja baada ya nyingine: Mwongozo 1971, Siasa ni Kilimo 1972. TANU ilipenda kuandika. Hata ilipokosea, kama kwenye kuwahamishia watu vijijini kwa nguvu, ilikosea kwa waraka.

ASP haikuitisha uchaguzi wa viongozi wa Zanzibar. Ilitawala kupitia Baraza la Mapinduzi. Iliwagawia watu ardhi, eka tatu tatu, ikajenga majumba marefu ya Michenzani, na wazee waliozipata eka hizo bado wanamtaja Karume kwa dua. Iliwameza pia watu wake: Abdalla Kassim Hanga na Othman Shariff walirudishwa visiwani kutoka bara mwaka 1969 wakauawa. Karume mwenyewe aliuawa jioni ya 7 Aprili 1972, akiwa amebarizi na wenzake makao makuu ya chama, Kisiwandui. Aboud Jumbe akashika nafasi yake, na Desemba mwaka ule ASP ikafanya mkutano mkuu wake wa kwanza tangu Mapinduzi. Uchaguzi wa kuwapata wawakilishi wa Zanzibar ulirudi mwaka 1980, chini ya CCM.

Nani alileta nini kwenye ndoa

Septemba 1975 Nyerere alitoa wazo la kuunganisha. Matawi yakaulizwa, tume ya watu 20 ikaandika katiba, kumi kutoka kila upande ingawa bara lilikuwa na watu wengi mno kuliko visiwa, na mkutano wa pamoja ukapitisha 21 Januari 1977.

Sasa kaa na katiba hiyo na sherehe zake, uhesabu mahari. Jina, Mapinduzi, limetoka visiwani. TANU haikupindua mtu. Tarehe imetoka visiwani. Ahadi za mwanachama ni za TANU, neno kwa neno karibu zote, kuanzia "binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja". Balozi wa nyumba kumi ni wa TANU, na ndiye aliyekuja kuwa shina la CCM. Itikadi ni Azimio la Arusha. Rangi haikutoka nzima kwa yeyote: bendera ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi, kijani, ya ASP buluu, nyeusi, kijani, na bendera ya CCM imebaki na kijani walichokuwa nacho wote wawili, juu yake jembe na nyundo za manjano. Buluu ya ASP ukiitaka, iangalie kwenye bendera ya Taifa.

Na ndoa haikufuta vyumba. Makamu mwenyekiti wa CCM yuko wa Bara na yuko wa Zanzibar. Naibu katibu mkuu vilevile. Lumumba ipo, Kisiwandui ipo. Januari 1984 Jumbe, makamu mwenyekiti wa chama, alijiuzulu baada ya kikao cha Halmashauri Kuu Dodoma kumbana kwa kuhoji muundo wa Muungano. Mwaka 1988 Maalim Seif Shariff Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi, alifukuzwa chamani. Na ulipofika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, urais wa Zanzibar ulitangazwa kuwa Salmin Amour asilimia 50.2, Seif 49.8. Mtu aliyesoma TANU peke yake ataiona namba hiyo kama kioja. Aliyesoma Januari 1961 atasema ameshawahi kuiona.

Basi uchague ipi

Kama uko kidato cha nne au cha sita na mtihani umekaribia, anza na TANU wala usisikilize kelele zangu. Maswali huja huko zaidi, na tarehe zinashikika.

Kama unatafuta mada ya utafiti chuoni, inategemea miguu yako. Mwenye kuweza kukaa Unguja miezi mitatu, kwenda na Pemba pia, na kuvumilia siku ambazo hakuna anayetaka kuongea, achukue ASP. Shamba lile halijalimwa vya kutosha. Asiyeweza kuondoka Dar es Salaam ana Nyaraka za Taifa pale Upanga na mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na TANU itamtosha. Ila namwomba asiandike tena juu ya Nyerere. Aandike juu ya tawi moja, wilaya moja, mweka hazina mmoja.

Mwenye siku moja na watoto wa kutembeza achague kwa macho. Lumumba ni jengo la ofisi katikati ya pilikapilika za Kariakoo. Utawaonyesha watoto mahali, kisha mtavuka Mnazi Mmoja mkanywe madafu. Kisiwandui kuna kaburi la Karume pembeni ya ofisi aliyouawa ndani yake. Watoto wangu hawakuuliza lolote Lumumba. Kisiwandui waliuliza maswali njia nzima hadi bandarini, mengine sikuwa na jibu lake.

Na yule mtu niliyemkusudia tangu mwanzo, anayetaka kuielewa CCM ya leo, ilivyo na jinsi inavyofikiri inapoona sanduku la kura? Huyo namshauri aanze na ASP, kisha arudi TANU. Najua ni kinyume cha mitaala, na kinyume cha kadi ya baba. Wenzangu wawili kwenye kundi bado hawajakubali. Wanasema nimeuchukua mkia nikaufanya kichwa, kwamba chama cha watu wa bara walio wengi hakiwezi kuelezwa kwa visiwa viwili. Hoja yao ina nguvu kwenye mambo ya vijiji, mashamba ya umma na lugha ya ujamaa. Haina nguvu kwenye jambo la madaraka. TANU haikuwahi kuogopa kushindwa, kwa hiyo haiwezi kukufundisha hofu hiyo. ASP iliijua kabla haijatimiza miaka mitano, na ilipoingia CCM iliingia nayo.

Ukichagua TANU, usianze na 1954. Fungua Tabora, Januari 1958, kisha rudi nyuma. Ukichagua ASP, fungua Chake Chake, Januari 1961, na ile kura moja. Na kama utakwenda Kisiwandui tarehe 7 Aprili, siku ya hitima, toka mapema: viongozi wakishafika barabara hufungwa, na utabaki na gari lako huko Michenzani.